Chenga za Kioo

Kosa lilikuwa la Delbert Crider, na alilikiri hapohapo, kabla watu hawajaanza kutafuta mchawi.

"Ni mimi," alisema. "Ni mguu wangu."

Mguu wa Delbert ulikuwa unaita. Kutoka ndani ya buti la plastiki, lile la kijivu lenye mikanda ambalo daktari alimvisha kushikilia ugoko, bata mzinga dume alikuwa analia kwa madaha yake yote, glu-glu-glu-glu, katikati ya chumba safi, chumba ambacho hata poda ya usoni hairuhusiwi kuingia. Ndio mlio aliouweka mwenyewe kwenye simu yake, kwa kuupenda. Waliokuwa mezani walikuwa wamefunikwa nguo nyeupe toka unyayo hadi utosi, wamebaki macho tu, na macho yote yakashuka chini ya meza.

"Msimu wa kuwinda bata mzinga unafunguliwa Jumatatu," alisema Rhonda Maddox aliyekaa mkabala naye. "Huyo wako ana haraka ya kufa."

Mabega yalitikisika ndani ya nguo nyeupe. Siku nyingine Delbert angecheka kuliko wote. Leo jasho lilikuwa linamtiririka mgongoni. Hakuweza kuikata ile simu. Juu ya buti alikuwa amevaa mfuko wa kitambaa mpaka gotini, na juu ya mfuko utepe umezungushwa, na kuvua vitu hivyo mle ndani ni kosa jingine. Akakaa mikono hewani ili glovu zisiguse kitu, akamsikiliza bata akilia mpaka bata akachoka mwenyewe. Simu aliyoisubiri wiki kadhaa ikakatika huku imebana shavu la mguu wake.

Spika ya ukutani ikakohoa. Nje ya dirisha la kioo alisimama Kyle Brandt, msimamizi wa zamu, kijana wa juzi tu, akitikisa kichwa kama mtu aliyekuta gari lake lina pancha.

"Delbert, mzee wangu. Simu? Humo ndani? Wewe?"

"Mimi."

"Wewe uliyenifundisha kunawa mikono?"

"Na nilikufundisha vizuri. Ona sasa unavyonikamata."

"Sinia lote, Delbert."

"Vichupa vyenyewe vimeshafungwa, Kyle. Simu iko ndani ya soksi, soksi iko ndani ya buti, buti liko ndani ya mfuko."

"Sinia lote. Nikifumba jicho leo, kesho mtu ataniingizia kuku mzima."

Delbert hakubisha tena. Sheria ilikuwa hiyo, na mwaka hadi mwaka yeye ndiye aliyekuwa akiwaimbia wageni. Kitu cha nje kikiingia chumba safi, kila kichupa kilichokuwa mezani saa ile kinakufa, na anayekiua ni yule aliyekijaza, na mtu mmoja wa kushuhudia.

"Mimi nitashuhudia," alisema Rhonda. "Sikosi msiba wa bure."

Vichupa vilikuwa na chenga za kioo, nyeupe, ndogo, ungedhani ni chenga za mchele uliokobolewa vibaya. Kiwanda kile, kilichojibanza pembeni mwa mji mdogo wa Missouri wenye makanisa mengi kuliko taa za barabarani, hakikutengeneza kitu kingine. Mchanga, magadi, chokaa na unga wa fosfeti viliyeyushwa tanurini mpaka vikawa kama asali ya moto, vikamwagwa kwenye maji vikapasuka, vikasagwa, vikachekechwa. Chenga hizo daktari anazichanganya na damu ya mgonjwa mwenyewe, anazishindilia kwenye ufa wa mfupa uliokataa kuunga. Mfupa hauoni mgeni. Unazikumbatia, unaota katikati yake, unazila polepole mpaka kioo kinakwisha na kunabaki mfupa mtupu.

"Mfupa unakula kioo," Delbert alizoea kuwaambia watu kanisani, "halafu Noreen anasema mimi ndiye mlafi."

Noreen ni mkewe.

Na ugoko wa Delbert mwenyewe ulikuwa umekataa kuunga. Mwaka juzi, msimu wa kuwinda kulungu, alianguka kutoka kwenye kichanja alichojifungia juu ya mti, na kulungu mwenyewe hakumpata. Wakamtia chuma na skrubu. Mfupa ukagoma. Akarudi tanurini hivyohivyo, akachechemea miezi, chuma kikakatika. Wakamkata kipande cha mfupa wa nyonga wakakipandikiza pale penye ufa. Mfupa ukagoma tena, na nyonga nayo ikaanza manung'uniko yake, hasa akipanda gari. Daktari wa mifupa kule Springfield akaziangalia picha kwa muda, akavua miwani.

"Nyonga haina tena cha kutoa," alisema. "Nataka kutumia zile chenga za kioo. Sijui kama umewahi kuzisikia."

Delbert alicheka mpaka nesi akaja kuangalia kuna nini.

Hayo yalikuwa majira ya baridi. Bima ikakataa. Delbert akakata rufaa. Daktari akamwekea nafasi ya upasuaji, akamwambia kwamba bima wakitoa neno kufikia leo, anaingia. Wasipotoa, nafasi anapewa mwingine na yeye anarudi kwenye foleni mpaka majani yadondoke mwishoni mwa mwaka. Na ile kazi ya kukaa kitini waliyompa kwa huruma ilikuwa inakwisha Ijumaa hii. Baada ya hapo ama asimame tanurini kwa miguu miwili kama wenzake, ama aende nyumbani. Akienda nyumbani, bima inabaki kiwandani. Kwa hiyo simu ile haikuwa simu ya kuachwa kabatini. Aliiviringisha ndani ya soksi akaisokomeza ndani ya buti. Akasahau kuinyamazisha. Basi.

Chumba cha kutupia kilikuwa nyuma, karibu na tanuru. Joto lake lilimpiga Delbert usoni, na mguu mzima ukataka kwenda kule wenyewe. Kuna kijana mmoja mpya alikuwa anamimina kioo, kaegemea vibaya, goti limekakamaa.

"Legeza goti, mdogo wangu!" Delbert alipiga kelele. "Utalihitaji!"

Yule hakusikia. Rhonda alikuwa ameshaandaa ndoo yenye maji ya rangi nyekundu. Chenga zikishaingia rangi hakuna anayeweza kuziokota na kuziuza. Delbert akavunja muhuri wa kichupa cha kwanza, akamwaga. Zilizama bila sauti, zikawa za waridi, kisha nyekundu.

"Kichupa kimoja kingekutosha?" Rhonda aliuliza.

"Daktari alisema viwili. Ufa umekuwa mpana."

"Si ufiche viwili tu. Mimi natazama ukutani hapa. Ukuta mzuri sana huu."

"Halafu? Nani atanitia, Rhonda? Noreen na sindano ya kushonea soksi?"

"Noreen ana mkono mwepesi."

"Daktari hawezi kupokea kitu mfukoni kwa mtu kama karanga. Hata akinipenda vipi." Akamwaga kingine. Mguu wake mzuri ulikuwa unagongagonga sakafu wenyewe. Hakuwa na habari nao. "Acha nimalize. Nataka kuwahi mapumziko niwapigie."

"Mimi nikiwa wewe ningelia hapa."

"Nitalia Ijumaa. Leo nina kazi."

Walimaliza. Rhonda akakoroga ndoo kwa mti, mara moja, kwa heshima, kama anayekoroga uji wa mgonjwa.

Kengele ya mapumziko ilipolia Delbert alikuwa ameshafika kwenye pikapu yake nje, mlango wazi, buti likining'inia. Akatafuna mbegu za alizeti, maana tumbaku aliiacha daktari aliposema tumbaku inachelewesha mfupa. Akatema maganda. Akapiga. Sauti ya mashine ikamwambia simu yake ni muhimu sana kwao, kisha ikamwekea kinanda. Kinanda kikapiga, kikaanza upya. Akashuka garini, akazunguka gari, akapanda. Akafungua sandwichi ya soseji aliyofungiwa na Noreen, akaifunga. Watu wakaanza kurudi ndani. Kinanda kikakatika.

"Bima, naitwa Latrice, nikusaidie nini?"

Akajitaja. Akasikia vidole vikigonga vibonyezo.

"Bwana Crider, tulikupigia asubuhi, hukupokea."

"Simu ilikuwa ndani ya mguu, dada. We acha tu."

"Pole. Rufaa yako imeangaliwa. Jibu ni lilelile. Hizo chenga, kwa mfupa kama wako, zinahesabika kuwa bado zinajaribiwa."

"Zinajaribiwa na nani? Zinaondoka hapa kwa maboksi kila wiki. Wanatiwa watu. Wanatembea."

"Nakuelewa, baba."

"Dada yangu, mimi ndiye ninayezitengeneza."

Vidole vikanyamaza. "Eti?"

"Ndiyo kazi yangu. Sasa hivi nimetoka kumwaga sinia zima kwa sababu yako. Ulipopiga uliniharibia."

"Mungu wangu," alisema Latrice, na kwa mara ya kwanza alisikika kama mtu aliyekaa mahali fulani, kwenye kiti fulani, na pengine anaumwa mgongo. Kisha sauti ikapungua. "Sikiliza. Simu hii inarekodiwa, kwa hiyo mimi nakusomea tu kilichoko mbele yangu. Sawa? Nakusomea. Mpango wenu wa bima ni wa mwajiri mwenyewe. Pesa ni za kampuni yenu. Sisi tunawashikia tu, kama makarani. Mkubwa wa kampuni akija kwenye laini hii akasema jina lake, akasema toeni, mimi natia alama, na daktari wako anapata jibu hapohapo."

Delbert alitema ganda ambalo halikuwepo.

"Kwa hiyo aliyenikatalia ni..."

"Mimi sijasema hivyo, baba. Mimi nimesoma."

"Umesoma vizuri sana."

"Ukipiga tena waambie unamtaka Latrice. Nipo mpaka jioni. Ila foleni iko palepale, siwezi kukurukisha."

Alirudi ndani kwa mwendo ambao daktari alimkataza. Leo ilikuwa Siku ya Mgeni. Kila majira ya kuchipua kiwanda kinamleta mtu mmoja aliyepona kwa chenga zao, anakuja kuwashukuru wafanyakazi, watu wanakula keki, wanapigwa picha. Delbert alizipenda siku hizo. Mwaka uliomleta mtoto wa kike aliyeponywa taya alilia mpaka akatoka nje kujifanya anatafuta funguo.

Ukumbi wa kulia chakula ulikuwa umejaa maputo ya kijani. Paige Whitaker wa ofisi ya wafanyakazi alikuwa juu ya kiti akibandika bango, na fulana mpya zilikuwa zimerundikwa mezani, kila moja imeandikwa KILA HATUA NI YETU.

"Delbert! Yako hii hapa, kubwa kuliko zote. Nikatie na utepe hapo."

Delbert akamkatia utepe. "Paige, bima wamekataa."

"Ah, jamani. Pole sana. Kweli kabisa, pole."

"Wanasema lakini pesa ni zenu. Wanasema mkubwa akisema ndiyo, imekwisha."

Paige akashuka kitini polepole. Hakuwa mtu mbaya. Delbert alipovunjika mguu, yeye ndiye aliyemletea Noreen bakuli la tambi na jibini, na bakuli akaliacha.

"Siyo rahisi hivyo. Uamuzi wa kitabibu ni wa bima. Sisi hatuingilii mambo ya kitabibu."

"Bima wanasema wao hawaingilii pesa."

"Ndiyo hivyo."

"Sasa nani anaingilia, Paige?"

"Kuna kamati. Andika barua, nitaifikisha. Wanakutana mwezi ujao."

"Daktari anataka neno leo. Na kiti changu kinakwisha Ijumaa, wewe ndiye uliyeniambia."

"Najua nilikuambia." Akachukua puto, akalipuliza, likamtoroka likaenda likijamba mpaka dirishani. Wote wawili wakalitazama. Hakucheka mtu. "Halafu Kyle ameniambia habari ya simu. Leo sitasema kitu. Ila Delbert, mchana ukae nyuma, sawa? Kule karibu na mashine ya soda. Mpiga picha ametoka makao makuu, na hilo buti... watu watauliza. Ni Siku ya Mgeni. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Nakushukuru. Wewe ni mtu wetu."

Mchana Delbert hakumbuki alijaza vichupa vingapi. Kila kijiko alichopima alikiona kinapungua, akakirudisha, akapima tena. Simu safari hii ilikuwa kabatini, na alihisi bata analia kule kabatini hata kama halii. Alinyoosha mguu, akaukunja, akaunyoosha. Rhonda alimpiga teke dogo chini ya meza.

"Tulia basi. Unatikisa mizani."

"Pell mwenyewe anakuja leo?"

Garrison Pell alikuwa mkurugenzi wa kampuni nzima.

"Anakujaga kila mwaka. Anakula kona ya keki, ile yenye maua. Kwa nini?"

"Basi tu."

"Delbert. Usiniambie."

"Sijakuambia kitu."

Walipotoka kwenda ukumbini alipita kabatini. Akapiga, mashine ikamwambia simu yake ni muhimu sana kwao, kinanda kikaanza. Akapunguza sauti, akaiviringisha simu ndani ya soksi, akaisokomeza mahali pake pa asubuhi. Kisha akavaa ile fulana ya kijani na kwenda kukaa karibu na mashine ya soda kama alivyoambiwa. Mashine ilinguruma, kinanda hakikusikika ila kwake yeye, kupitia mfupani.

Pell aliongea kwanza, mtu mrefu, mpole, aliyekumbuka majina ya watu wa mstari wa mbele. Akasema kampuni ni familia. Kisha akamleta mgeni.

Jina lake lilikuwa Marva Eddings, mwalimu mstaafu kutoka Oklahoma. Aliingia bila fimbo. Alikuwa amevaa sketi, makusudi, na ugoko wake ulikuwa na kovu refu la rangi ya waridi ambalo hakulificha. Akasimama mbele akawaangalia wote kimya, kama anaita mahudhurio.

"Mimi nilidhani ni mashine," alisema. "Daktari alipofungua kile kichupa nilidhani kimetoka kwenye mashine. Sikujua kuna watu."

Mtu mmoja kule mbele akavua kofia.

"Nilianguka nikikusanya majani kwenye mfereji wa paa. Chuma, skrubu, hakuna kitu. Wakanikata nyonga, hakuna kitu. Wajukuu wangu wakanizoea kwenye kiti. Mdogo wao akanichora shuleni, akanichora na magurudumu. Nikajiambia, Marva, hivyo ndivyo utakavyokumbukwa." Akanyanyua sketi kidogo, akapiga mguu chini, mara moja, kwa nguvu. "Halafu nyie mkanitia mchanga wenu."

Watu wakapiga makofi, wakasimama. Delbert alisimama nao. Macho yalimuuma. Hakumwonea wivu yule mama hata chembe, angeweza kumbeba. Alichotaka ni kuuangalia ule mguu kwa karibu, auguse, aone ufa ulikuwa wapi. Ndani ya buti kinanda kilianza upya.

"Kuna mtu ana swali kwa mama yetu?" Pell aliuliza walipokaa.

Rhonda akauliza kama siku za mvua mguu unauma. Marva akasema unauma kidogo, lakini unauma ukiwa umesimama. Watu wakacheka. Mwingine akauliza kama amerudi kupanda juu ya paa. Akasema mwanawe ameiuza ngazi.

"Basi, kama hakuna mwingine, keki..."

Delbert aliinua mkono. Paige alimwona kwanza, akatikisa kichwa kidogo sana, karibu kwa upole.

"Ndiyo, kule nyuma," alisema Pell. "Jina?"

"Delbert. Tanurini, zamani. Mama, mimi sina swali kwako. Nimekuona unatembea, sina la kuongeza." Akasogea mbele ya mashine ya soda, buti likionekana lote. Mpiga picha akainua kamera, akaona buti, akaishusha. "Nina ombi kwako, Bwana Pell."

Na saa ileile kinanda kikakoma.

"Bima, Latrice hapa, nikusaidie nini?" uliuliza mguu wa Delbert.

Mtu mmoja akaangua kicheko, akakimeza. Delbert akainama. Akafungua mikanda ya buti mmoja baada ya mwingine, na kila mkanda ulibanduka kwa sauti kubwa, kraa, kraa, kraa, ukumbi mzima ukisikiliza. Akaitoa soksi, akaitoa simu.

"Samahani, Latrice. Ni yule wa mguu. Usikate." Akaiwasha spika, akainyoosha simu mbele. Buti lilikuwa limelegea, na uzito wake wote ulikuwa juu ya mguu mmoja na mashine ya soda. "Bwana Pell, huyu ni wa bima yetu. Mama Marva alikuwa na ugoko kama wangu. Chuma, nyonga, kila kitu kama mimi. Daktari wangu anataka kunitia zilezile. Bima wanasema mfuko ni wenu, na mkubwa akisema ndiyo kwenye simu, ni ndiyo. Daktari anafunga jioni."

"Delbert," alisema Paige. "Hapa siyo mahali pake."

"Mahali pake ni wapi, Paige? Nimeshazunguka kote, na mguu ndio huu."

Pell alitabasamu, kisha akaliacha tabasamu pale usoni likae lenyewe. Akamwangalia Paige. Paige akamwangalia Kyle. Kyle aliangalia mikono yake. Rhonda alikuwa anayasoma maandishi kwenye fulana yake mwenyewe, kichwa chini, kama ndiyo kwanza anayaona.

"Sijaelewa," alisema Marva Eddings, akigeuka huku na huku. "Kwani yeye hajatiwa? Si ziko hapahapa?"

Puto moja lilijibandua ukutani likashuka taratibu mpaka kwenye keki.

"Neno moja tu, Bwana Pell," alisema Delbert. Akaisogeza simu mbele zaidi. "Sema jina lako, sema ndiyo. Yeye atatia alama."

Mashine ya soda iliacha kunguruma, kama inavyofanya kila baada ya muda.

"Hallo?" Latrice alisema kutoka kiganjani mwake. "Nipo, nasubiri. Mwenye mamlaka aseme jina lake." Wakasikia kiti chake kikilia. "Hallo? Nawasikia mnapumua. Jamani, naomba mmoja wenu aseme."